Bei ya Kijahazi: Mnada wa Mtandaoni na Mizani ya Haki



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyeitiisha bahari ili vyombo vipite juu yake kwa amri Yake, na waja Wake watafute riziki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Miezi michache iliyopita, baada ya darasa la akina mama la Alasiri, tulijiwa na mjane mmoja akiwa na bintiye. Marehemu mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa majahazi. Alipodhoofika mwili akawa hawezi tena kupanda juu ya jahazi lenyewe na kupigilia misumari, aliketi barazani akichonga vijahazi vya mfano: mkuku wake, mataruma yake, mlingoti, foromali na tanga la marekani, vyote kwa vipimo vilivyolingana. Alipofariki, madeni yalilipwa, na vitu vyake vikagawanywa kwa wema. Kilibaki kijahazi kimoja juu ya kabati, ambacho mama yule hakutaka kitoke nyumbani.

Mtoto wake mkubwa, anayefanya kazi Nairobi, alikuja na simu mkononi. Alikuwa ameona katika mnada wa mtandaoni kijahazi kinachofanana na kile cha baba yake, na chini yake pameandikwa dola 3,000. Akasema: "Mama, hii ndiyo bei. Ama tukiuze, ama ukitaka kubaki nacho utulipe sisi mafungu yetu." Kwa hesabu ya shilingi 130 kwa dola moja, hizo ni shilingi 390,000. Thumni ya mjane hapo ni shilingi 48,750. Basi ili abaki na kijahazi cha mumewe, mama huyu angelazimika kuwalipa wanawe shilingi 341,250. Naye riziki yake ni mahamri na viazi vya karai anavyouza asubuhi.

Tulimwuliza kwanza kama marehemu alimpa kijahazi kile katika uhai wake na akamkabidhi, kwani hapo kingekuwa hiba yake wala kisingeingia katika mirathi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "La, shekhe. Alikuwa akisema siku moja kitakuwa changu, lakini hakuwahi kunikabidhi." Mwenyezi Mungu amlipe kwa ukweli wake, maana neno moja la uongo lingemwondolea taabu yote. Kijahazi, basi, ni mali ya warithi. Lililobaki ni swali moja: thamani yake ni ipi?

Swali hilo limetufanya tuandike makala haya, kwa sababu tumegundua kwamba si nyumba moja tu inayolizungumza. Vijana wetu wanaona mitandaoni meli za mfano zilizotengenezwa kwa mkono zikitajiwa bei za kustaajabisha, nao hudhani kwamba kila kilichoandikwa ni thamani. Wengine wanataka kununua, wengine wanataka kuuza, na wengine, kama tulivyoona, wanataka kurithi.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Mnada si kitu kigeni katika dini yetu. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kisa cha mtu wa Ansari aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kuomba, naye hakuwa na kitu nyumbani isipokuwa tandiko na bakuli la kunywea maji. Mtume (S.A.W.) aliviita vitu vile, akavinadi mbele ya watu. Mmoja alitaja dirhamu moja, Mtume akauliza ni nani atakayezidisha, mwingine akatoa dirhamu mbili, akapewa. Katika mapokezi ya Abu Daud, dirhamu moja ilinunua chakula cha nyumbani na ya pili ilinunua shoka, na yule mtu akaenda kukata kuni hadi akajitosheleza.

Kutokana na mapokezi kama haya, jamhuri ya wanazuoni wameuhalalisha mnada. Katazo la kupandisha bei juu ya bei ya nduguyo linamhusu yule aliyekwisha kukubaliana na mwuzaji. Mnadani bado hakuna makubaliano, kila mmoja anaruhusiwa kutaja chake. Na meli ya mfano ni kitu kisicho na roho, kwa hivyo kukichonga na kukiweka nyumbani hakuna tatizo linalozungumzwa katika sanamu za viumbe.

Mnada wa mtandaoni ni mtoto wa mnada huo wa zamani, ila uwanja wake ni dunia nzima. Mnada mashuhuri kuliko yote, eBay, ulianzishwa Marekani mwaka 1995 na Pierre Omidyar. Kitu chake cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyovunjika, ikapata dola 14.83. Mwuzaji alimwandikia mnunuzi kumwuliza kama ameelewa kwamba kitu ni kibovu, naye akajibu kwamba yeye hukusanya vibovu vya aina hiyo. Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, kwamba katika watu wengi mno, kitu chochote kinaweza kumpata anayekitaka. La pili, ambalo wengi hulisahau, kwamba mwuzaji alitaja aibu ya kitu chake.

Sasa twende kwenye meli zenyewe. Tusije tukadhani kwamba kila bei kubwa ni ulaghai. Zipo meli za mfano zenye thamani ya kweli. Katika vita vya Napoleon, maelfu ya mabaharia na askari wa Kifaransa walifungwa Uingereza, wengi wao katika kambi ya Norman Cross karibu na mji wa Peterborough, iliyofunguliwa mwaka 1797. Wafungwa wale waliokota mifupa ya nyama ya jikoni, wakaichemsha na kuisafisha, wakaikata vipande vyembamba na kuunda manowari ndogo zenye mizinga, kamba na milingoti yote. Waliziuza sokoni kwenye lango la gereza ili wapate cha kujiongezea chakula. Leo makumbusho ya Peterborough yamehifadhi kazi nyingi za mikono yao, na mojawapo ya meli hizo inapotokea mnadani hupata maelfu ya pauni, na zilizo bora hufika makumi ya maelfu. Bei hiyo ina sababu zake: kitu ni cha zamani kwa yakini, ni adimu, kimetengenezwa kwa ustadi, na historia yake inajulikana.

Lakini nyingi tunazoziona kwenye simu si za namna hiyo. Kuna karakana zinazotengeneza meli za mfano kwa ajili ya biashara, huko Vietnam, na hata hapa kwetu katika Bahari ya Hindi, kwenye visiwa vya Mauritius na Madagascar. Mafundi wao ni hodari, na kazi yao ni halali na ya heshima. Hutengeneza manowari ile ile ya Victory, au meli ile ile ya Titanic, mara nyingi kwa mwaka. Ubaya huingia pale mtu anapoinunua moja, akaifuta vumbi, akaiandika mtandaoni kwamba ni ya kale, kwamba ni ya kipekee, kwamba inafaa makumbusho, kisha akaongeza sifuri mbele ya bei.

Kwa nini bei hizi hupanda hivyo? Tumeona sababu nne.

Ya kwanza ni kwamba kuandika bei hakugharimu kitu, au hugharimu kidogo sana. Mwuzaji wa sokoni akiomba bei ya upuuzi, wateja humpita na samaki wake huoza. Kijahazi hakiozi. Mwenye nacho anaweza kukiacha mtandaoni mwaka mzima, akisubiri mtu mmoja duniani mwenye fedha nyingi na maarifa machache. Ni kama mvuvi aliyetega mshipi na kwenda kulala.

Ya pili ni mapenzi. Aliyetumia miezi mingi kuunda meli kwa mikono yake hutaka kulipwa kila saa aliyoketi. Aliyerithi cha baba yake hukitazama akamwona baba. Hisia hizi ni njema, lakini mnunuzi hanunui usiku tuliokesha wala machozi tuliyolia. Hununua kitu anachokiona.

Ya tatu ni kuigana. Mtu mmoja huandika dola 3,000 kwa kubahatisha. Wa pili hutazama, akasema, "Kumbe hivi ndivyo zinavyouzwa," naye akaandika dola 3,200. Wa tatu huwafuata. Baada ya muda utaona safu nzima ya bei zilizokubaliana, na hakuna hata moja iliyolipwa na mtu.

Ya nne ndiyo mbaya zaidi, nayo ni najash: mtu kupandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua, ili amhadae mwingine azidishe. Mwenye mali humwagiza rafiki, au hujifungulia jina la pili, akashindana na mnunuzi wa kweli kizani. Mtume (S.A.W.) amelikataza jambo hili katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (R.A.). Minada mikubwa ya mtandaoni nayo imelipiga marufuku katika kanuni zake. Simu haikubadilisha hukumu. Imemficha tu mtendaji machoni pa watu, wala haikumficha kwa Mola wake.

Hapa msomaji atauliza: je, sharia imeweka kikomo cha faida? Jibu ni kwamba haikuweka. Bei zilipopanda Madina na watu wakamwomba Mtume (S.A.W.) awapangie, alikataa, akaelekeza kwamba mwenye kupanga bei ni Mwenyezi Mungu, wala hakutaka kukutana na Mola wake akiwa amemdhulumu yeyote. Na katika Bukhari tunasoma kwamba Urwa al-Bariqi (R.A.) alipewa dinari moja anunue mbuzi. Alinunua wawili, akamwuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yake mkononi. Faida ya kitu kizima, na Mtume (S.A.W.) akamwombea baraka.

Kwa hivyo kuomba bei kubwa peke yake si haramu. Tena katika madhehebu yetu ya Shafii, mtu aliyenunua ghali kwa kutojua, pasi na kudanganywa sifa za kitu, hana haki ya kuvunja biashara kwa sababu ya bei pekee, kwani alipasa kuuliza kabla. Wajibu wa kujihadhari uko juu ya mnunuzi.

Lakini uhuru wa bei si uhuru wa kusema uongo. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta unyevu chini yake. Mwenye nafaka akasema ni mvua iliyoinyeshea. Akaambiwa kwamba ingelipasa unyevu ule uwekwe juu watu wauone, na kwamba mwenye kudanganya hayumo pamoja nasi. Leo lundo lile ni picha iliyopigwa upande mmoja. Mlingoti uliovunjika haukuonyeshwa. Tanga lililoliwa na nondo limekunjwa. Neno "kale" limewekwa juu ya kitu cha mwaka jana. Mwenye kuuza namna hii, hata akipata dola mia, amekula asichokistahili.

Na upande wa mnunuzi kuna mtihani wake. Wachumi wameeleza jambo wanaloliita laana ya mshindi: wengi wanapokisia thamani ya kitu wasichokijua vyema, anayeshinda mara nyingi ni yule aliyekosea zaidi kwa kuzidisha. Wataalamu watatu wa mafuta waliliandika hilo mwaka 1971, baada ya kuona makampuni yakishinda minada ya visima vya baharini kisha yakijuta. Ikiwa makampuni yenye wahandisi hupatikana na hali hiyo, itakuwaje kwa mtu aliyelala kitandani saa sita za usiku, dakika tatu zimebaki, na moyo unampiga asipitwe? Wakati huo hanunui meli tena, ananunua ushindi. Na fedha iliyotoka kwa kushindana, ilhali karo haijalipwa, iko karibu mno na israfu tuliyoonywa nayo.

Tuwausie basi akina mama na vijana wetu mambo machache.

Ukitaka kujua thamani ya kitu, usitazame bei inayoombwa. Tazama bei iliyolipwa. Minada mingi ya mtandaoni ina mahali pa kuonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa na kiasi kilichotolewa. Hapo ndipo ukweli ulipo.

Ukitaka kununua, weka kikomo chako mchana, ukiwa na akili tulivu, ukihesabu pia usafirishaji na ushuru wa forodha, maana kitu chenye milingoti na kamba hakisafiri kwa bei rahisi wala hakifiki salama kila mara. Kikomo kikipitwa, muachie aliyezidisha na umwombee heri.

Ukitaka kuuza, taja aliyetengeneza, mwaka, aina ya mti, vipimo, na kila kasoro. Ikiwa hujui umri wa kitu, usiubuni.

Na neno la mwisho ni kwa wenye uwezo miongoni mwetu. Kisiwani Lamu, katika kijiji cha Matondoni na kwingineko, bado wako mafundi wanaojua kuunda jahazi na kijahazi chake. Mara nyingi anayefaidi ni wa katikati, fundi akapata cha kununulia unga tu. Mtu akitaka kijahazi, na aende kwa fundi mwenyewe, wakubaliane kipimo, mti, siku na bei, na amlipe kabla jasho halijakauka. Ilimu hii ikipotea haitarudi. Mtepe, chombo cha babu zetu kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, ulitoweka baharini katika karne ya 20, na leo tunaujua kwa picha, maandishi na mifano midogo iliyohifadhiwa. Kijahazi cha barazani huenda kikawa ndicho kitakachowaeleza wajukuu wetu jahazi lilikuwa nini.

Turudi kwa mjane wetu. Tulimwita mtoto wake, tukaketi naye kwa upole. Hatukumlaumu kwa kudai fungu lake, kwani mirathi ni haki aliyoiweka Mwenyezi Mungu mwenyewe. Tulimwambia: "Mwanangu, rudi kwenye mnada ule ule. Usitazame zinazoombwa, tazama zilizouzwa. Kisha njoo utuambie." Alirudi baada ya wiki moja, sauti imeshuka. Kile cha dola 3,000 kilikuwa bado kipo pale pale, hakuna aliyeweka dau. Vilivyofanana nacho na vikauzwa kweli havikufika hata sehemu ya kumi ya bei hiyo.

Hapo tukafanya lililo sahihi katika mirathi: tuliwaita mafundi wawili waaminifu, wasio na maslahi, wakakitazama kwa macho na mikono. Walikipa thamani ya shilingi 24,000. Thumni ya mama ni 3,000. Zilizobaki ni 21,000 kwa watoto, nao ni wanaume wawili na binti mmoja, yaani mafungu matano ya shilingi 4,200. Kila mvulana 8,400, na binti 4,200. Binti alisema fungu lake amemwachia mama, naye ni mtu mzima, anajua atendalo. Mtoto wa pili alisema vivyo hivyo. Mkubwa alitaka haki yake, na haki yake alipewa, kwa malipo ya miezi mitatu.

Mwezi wa tatu mama alipompelekea fungu la mwisho, kijana yule alilipokea, akalihesabu, kisha akampa mamake noti moja anunulie unga wa mahamri. Hatujui lililokuwa moyoni mwake, wala si kazi yetu kulijua. Kijahazi kingali juu ya kabati, na mama hukipangusa kila Ijumaa kwa kitambaa kikavu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu katika kuuza na kununua, na atuepushe na kuwapimia wazazi wetu kwa mizani ya tamaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.